Byrne dhidi ya Fischer, New York 1963: ngome iko mezani, jamaa anakula askofu

KeteNyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye uzi wa wiki iliyopita kuna mdau aliandika kwamba fianketo ni ufunguzi wa waoga: unamsogeza askari wa g hatua moja, unamweka askofu nyuma yake, unamficha mfalme, halafu unakaa kusubiri mwenzako ateleze. Sikumjibu palepale kwa sababu jibu lake linataka ubao. Basi leteni ubao, au fungueni programu yoyote ya sataranji kwenye simu, tupitie mchezo wa hatua 21 tu. Pande zote mbili zilifungua kwa fianketo na aliyeshika nyeusi akashinda.

Mashindano ni ubingwa wa Marekani wa msimu wa 1963/64, New York. Mchezo wenyewe ulipigwa Desemba 1963. Nyeupe anazo Robert Byrne, miaka 35. Nyeusi anazo Bobby Fischer, kijana wa miaka 20.

Hatua zote hizi hapa:

1. d4 Nf6 2. c4 g6 3. g3 c6 4. Bg2 d5 5. cxd5 cxd5 6. Nc3 Bg7 7. e3 O-O 8. Nge2 Nc6 9. O-O b6 10. b3 Ba6 11. Ba3 Re8 12. Qd2 e5 13. dxe5 Nxe5 14. Rfd1 Nd3 15. Qc2 Nxf2 16. Kxf2 Ng4+ 17. Kg1 Nxe3 18. Qd2 Nxg2 19. Kxg2 d4 20. Nxd4 Bb7+ 21. Kf1 Qd7 na Byrne akajisalimisha.

Sasa wekeni kete kama zilivyo pale mwisho mhesabu. Byrne ana farasi wawili na askofu mmoja, Fischer ana maaskofu wawili. Malkia kwa malkia, ngome mbili kwa mbili. Yaani anayejisalimisha ndiye mwenye kete ya ziada! Fischer amezidi askari mmoja tu.

Nakuja na uchambuzi. Msikimbie.

dada_wa_Mikindani

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu, wengine tumejifunzia sataranji vibarazani, hizo herufi tunazisoma kwa kubahatisha. Eleza kwa maneno.

Nahodha77

Huo mchezo naujua, ila sijawahi kuuelewa. Nikifika hatua ya 18 najikuta nasema "lakini si angekula ngome?" Endelea.

KeteNyeusi

Nahodha, hapo hapo ndipo tunapoelekea. Dada, nitaeleza kwa maneno, usijali. Jua tu kwamba herufi a mpaka h ni safu za ubao kuanzia kushoto kwa mweupe, na namba 1 mpaka 8 ni mistari kuanzia upande wake, kwa hiyo d3 ni jina la chumba kimoja.

Tuanzie mwanzo, nitapita haraka. Huu ni ukoo wa Ulinzi wa Grünfeld, uliopewa jina la Mwaustria Ernst Grünfeld aliyeanza kuutumia 1922. Mweusi anamwachia mweupe katikati, anamweka askofu g7, kisha anagonga katikati kwa askari wa d. Byrne hakutaka vurugu. Naye akajibu kwa fianketo yake, askofu g2. Fischer akaweka askari c6 kwanza ndipo d5, ili akiliwa alipe kwa askari mwenzake. Tokea hapo ubao ukawa unalingana pande zote: askofu g2, askofu g7, askari b3, askari b6, askofu a3, askofu a6. Ukiingia ukumbini saa hiyo ungesema hawa wanatafuta sare warudi kulala.

Hatua ya 12 Fischer akavunja huo ulinganifu. Askari e7 mpaka e5.

Hatua hii watu huipita haraka wakikimbilia kafara, lakini kwangu ndiyo mama wa mchezo. Baada ya kuliana pale e5, askari mweusi wa d5 anabaki pweke, hana jirani wa kumlinda. Vitabu vyote vinakufundisha usijiletee askari pweke bila sababu. Na Byrne ana kila kitu cha kumshambulia: farasi c3, askofu g2, malkia d2, na ngome moja iko njiani kuja d1. Fischer mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa na wasiwasi kidogo na huyo askari, lakini aliona kete zake ndogo (farasi na maaskofu) zitakuwa na kasi kiasi kwamba mweupe hatapata muda wa kumla.

Muda ndio aliokuwa anaulipia. Tazameni chumba cha d3. Askari mweupe wa c keshaliwa. Wa e kashafika e3, harudi nyuma. Hakuna askari hata mmoja anayekilinda. Farasi wa Fischer yuko e5 anakitazama, na askofu wa a6 naye anakitazama kutoka mbali. Mweusi akitua pale, anaipumulia f2.

Zamu ni ya Byrne, hatua ya 14. Anataka ngome d1. Ipi?

Nahodha77

Mimi naleta ya f1. Ile ya a1 naibakiza ije c1 kwenye safu iliyo wazi. Kila ngome inapata kazi yake.

Mzee Kibiriti

Na kuna sababu nyingine, kijana. Askofu wa a6 ameubana ule mshazari. Farasi wa e2 akiondoka, ngome ya f1 inaliwa. Ukiihamisha ngome ya f1, farasi wako amefunguliwa. Mimi pia ningeleta hiyo hiyo.

KeteNyeusi

Shikamoo Mzee. Sababu zenu zote mbili ni halali, na naamini Byrne aliona hayo hayo. Hakuwa mchezaji wa mtaani huyu: mwaka uliofuata alipata ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, mwaka 1972 akawa bingwa wa Marekani, na kuanzia mwaka huo huo mpaka 2006 aliandika safu ya sataranji ya New York Times. Lakini ngome ya f1 ilikuwa na kazi moja ambayo haionekani mpaka imeondoka: ilikuwa inamlinda askari wa f2. Ikihama, f2 anabaki na mlinzi mmoja, mfalme mwenyewe.

Fischer alisema wazi kwamba iliyotakiwa kwenda ni ya a1. Na hata hiyo isingemmaliza mweusi, yeye alipendekeza ijibiwe kwa malkia c8. Tofauti ni kwamba mchezo ungekuwa mrefu, na askari pweke angeanza kudaiwa deni lake.

Haya, sasa tukaze mikanda.

14... farasi d3. Anaitishia f2. Byrne anasogeza malkia c2: farasi wa d3 sasa anatazamwa na malkia na ngome, na kwa jicho la kawaida ameshanasa.

15... farasi anakula f2! Mfalme anamla. Mweusi kapata askari mmoja kwa farasi mzima.

16... farasi wa pili anaruka g4 na cheki. Mfalme anarudi g1.

17... farasi huyo anakula e3. Askari wa pili huyo. Na hapo alipo anaitishia kete tatu kwa mpigo: malkia c2, ngome d1, askofu g2.

18. Byrne anamrudisha malkia d2. Anamtazama farasi, na anasubiri ngome iliwe.

Nisimame hapa kwanza? Nahodha, zamu yako.

Nahodha77

Nakula ngome. Mkuu, ni ngome! Nimeshatoa farasi mmoja, lazima nirudishe hesabu.

dada_wa_Mikindani

Na mimi ngome. Nani anaacha ngome?

Msafiri wa Ujiji

Hesabu ya Nahodha iko sawa. Ukila ngome, Byrne anamla farasi kwa ngome yake nyingine. Matokeo: mweusi katoa farasi wawili, kapata ngome na askari wawili. Hiyo si mbaya kabisa, watu wengi wangeridhika nayo.

KeteNyeusi

Si mbaya kwa karatasi. Lakini tazama ubao baada ya hapo. Farasi wa Fischer waliokuwa wanaleta vurugu wamekwisha wote. Byrne kabaki na kete nne ndogo, malkia, na ngome safi kwenye d1 iliyomkodolea macho askari pweke wa d5. Askofu wa g2 naye anamtazama huyo huyo. Byrne alieleza baada ya mchezo kwamba alikuwa anajiuliza kwa nini Fischer kachagua njia inayompeleka kwenye kushindwa waziwazi. Alikuwa ameshapiga hesabu ya ngome kuliwa, na aliipenda.

Fischer hakula ngome. 18... farasi akala askofu wa g2.

Sasa nirudi kwa yule mdau wa "ufunguzi wa waoga". Ukimsogeza askari wa g, vyumba vyeupe vilivyomzunguka mfalme, f3, g2, h3, h1, havina tena askari wa kuvifunika. Anayevifunika ni askofu. Yeye ndiye kitasa cha mlango ulioufungua mwenyewe. Akiwepo, mfalme amekaa salama kuliko mfalme wa ufunguzi mwingine wowote. Akiondoka, mlango uko wazi na huwezi kuurudisha askari g2, maana askari hawarudi nyuma. Ndiyo maana nasema fianketo ni mkataba wa hatari. Anayeiona kama maficho hajawahi kunyang'anywa huyo askofu.

Fischer alikuwa na ngome mkononi, akaiacha iende, akachukua kitasa.

Mzee Kibiriti

Marahaba, nilichelewa kuitikia. Umesema vizuri. Ila mpe msomaji sababu ya 19, maana kumla askofu peke yake hakutoshi. Mfalme kamla farasi, mweusi sasa yuko nyuma kete moja.

KeteNyeusi

Sawa Mzee. 19... askari pweke d4.

Yule yule ambaye kila mtu alidhani ni mzigo. Anajitoa. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa amesimama d5, katikati ya ule mshazari mrefu mweupe unaotoka a8 kwenda h1. Fischer anataka askofu wake wa a6 ahamie b7 na kumpiga mfalme cheki kutoka upande wa pili wa ubao, na kilichomzuia ni askari wake mwenyewe. Akiingia d4 anafungua njia, na papo hapo anamtishia farasi wa c3. Byrne hana nafasi ya kupumua, anamla kwa farasi wa e2. Askofu b7, cheki.

Ona sasa maaskofu wawili wa Fischer. Mmoja b7 anakata ubao mpaka h1. Mwingine g7 anamtazama farasi wa d4. Ngome e8 inaishika safu yote ya e, maana askari wa e wa pande zote wamekwisha. Mfalme mweupe amesimama kwenye vyumba vyeupe bila askofu wa vyumba vyeupe.

21. mfalme f1. Na Fischer akacheza hatua ya kimya kabisa: malkia d7. Hakuna cheki, hakuna kula. Anataka tu kwenda h3.

Byrne akawaza, akajisalimisha.

dada_wa_Mikindani

Subiri subiri. Kajisalimisha kwa malkia kusogea? Si angejaribu kwanza?

Msafiri wa Ujiji

Hata wataalamu walishangaa, dada. Kulikuwa na magrandmasta wawili kwenye chumba cha pembeni wakiwatangazia watazamaji. Kwa mujibu wa Byrne mwenyewe, muda ule anajisalimisha, hao wawili walikuwa wanaamini yeye ndiye anayeshinda. Fikiria uko pale ukumbini umelipa kiingilio, mtangazaji anakwambia Fischer kaumia, halafu habari inakuja kwamba mchezo umeisha na Fischer kashinda.

KeteNyeusi

Na Fischer naye aliumia kidogo! Aliandika kwamba kule kujisalimisha kulimkatisha tamaa, kwa sababu alikuwa anasubiri aicheze hii:

22. malkia f2 (ndiyo kinga inayomjia mtu kwanza), malkia h3 cheki. 23. mfalme g1. Halafu ngome e1, cheki!! Anaitupa ngome. Ngome nyeupe ya d1 inalazimika kuila. Na hapo farasi wa d4 kapoteza mlinzi, askofu wa g7 anamla. Malkia mweupe wa f2 kabanwa: nyuma yake kuna mfalme, mbele yake kuna askofu. Akimla askofu wa d4, anaiacha g2, na malkia mweusi anaingia g2 chekimeti, mgongoni kuna askofu wa b7. Asipomla, ni kifo kile kile.

Msafiri, jaribu kumla farasi wa d4 kabla ya kutupa ngome. Haifanyi kazi sawasawa, maana ngome ya d1 inamla askofu na malkia anabaki huru kulinda g2. Lazima ngome ivutwe kwanza. Mpangilio huo wa nani atangulie ndio unaonitoa jasho kila nikiuangalia.

Nahodha77

Aisee. Na nikikataa malkia f2? Nimtoe farasi d4 nimpeleke b5, nimtishie malkia wake?

KeteNyeusi

Malkia h3 cheki, mfalme g1, askofu h6. Tazama malkia wako wa d2: yuko mstari wa pili, na yeye ndiye anayelinda g2 kutokea mbali. Sasa askofu anamfukuza. Akimla huyo askofu, g2 iko wazi, chekimeti. Akikimbilia f2, askofu anaingia e3 na kumbana na mfalme wake. Kwa kifupi hana pa kwenda.

Mzee Kibiriti

Mimi nitatia neno la ubishi kidogo. Watoto wa siku hizi mnausifu huu, sawa. Lakini Fischer alishaifanyia familia hiyo hiyo kitu kikubwa zaidi. Tarehe 17 Oktoba 1956, klabu ya Marshall, New York hiyo hiyo, akiwa na miaka 13, alimfunga Donald Byrne, mdogo wake huyu Robert. Nyeusi tena, askofu g7 tena, Grünfeld tena. Hatua ya 17 akamwacha malkia aliwe, akahamisha askofu e6 kana kwamba hajaona. Chekimeti hatua ya 41. Hans Kmoch, mwandishi wa sataranji, akauita Mchezo wa Karne. Huo ndio mchezo. Mtoto wa miaka 13!

KeteNyeusi

Mzee, siushushi ule. Umri ule hauelezeki. Lakini Donald alimwacha mfalme wake katikati ya ubao bila kumfungia pembeni, na adhabu yake kila mwanafunzi anaweza kuielewa baadaye. Robert alifanya yote tunayofundishwa. Kafunga mfalme mapema. Kete zote ziko nje. Hana askari mbovu, mwenye askari mbovu ni mwenzake. Kakosea ngome moja, tena kwa sababu nzuri, na hatua saba baadaye kajisalimisha. Kwangu mimi huo wa 1963 unatisha zaidi, kwa sababu ungenipata na mimi.

Mzee Kibiriti

Hoja nimeipokea. Sibadili msimamo.

Msafiri wa Ujiji

Hahaha, Mzee kama Mzee. Niongezee la mashindano yenyewe: wachezaji 12, michezo 11 kila mtu, Fischer akashinda yote 11. Hakuna sare hata moja. Wa pili Larry Evans alikuwa na pointi 7 na nusu. Inasimuliwa kwamba Kmoch huyo huyo alimpongeza Evans kwa kushinda mashindano, akampongeza Fischer kwa kushinda maonyesho. Na Donald Byrne naye alikuwemo, kwa hiyo ndugu wote wawili walikula mkong'oto katika msimu mmoja.

dada_wa_Mikindani

Jamani huyo Fischer si ndiye aliyekuja kusema maneno ya ovyo uzeeni?

KeteNyeusi

Ndiye, dada, na maneno yale hayana utetezi. Hapa tunazungumzia alichokifanya ubaoni akiwa na miaka 20.

Nahodha77

Swali langu la mwisho halafu nalala. Hatua ya 21, cheki ya askofu b7. Kwa nini mfalme aende f1 akajianike? Kwa nini asirudi g1, kwake?

KeteNyeusi

Hili ndilo swali bora la uzi mzima, Nahodha. Weka ubao.

21. mfalme g1. Askofu wa g7 anamla farasi wa d4, cheki. Malkia mweupe anamla askofu. Unaona hapo unadhani umepona, bado una kete ya ziada. Ngome e1, cheki! Ukiila kwa ngome, malkia wako wa d4 kapoteza mlinzi na malkia mweusi anamla. Kwa hiyo unakwenda f2. Malkia anakula malkia, ngome yako ya d1 inalipa pale d4, na ngome nyeusi inaila ngome yako ya a1 pembeni.

Sasa mweusi ana ngome mbili na askofu, wewe una ngome, askofu na farasi, na askari umezidiwa mmoja. Bado unaweza kupigana: ngome d7, unamtishia askofu wa b7. Yeye anajibu ngome ya a8 kwenda c8, anamtishia farasi wako. Unamla askofu. Anamla farasi c3. Ngome b8 cheki, mfalme wake g7. Na hapo unapata wazo tamu: askofu b2! Umembana ngome wa c3 na mfalme wake, na wakati huo huo unaitishia ngome ya a1. Ngome mbili kwa askofu mmoja.

Nahodha77

Sasa si nimeshinda?

KeteNyeusi

Ngome ya a1 inamla askari wa a2. Angalia mstari wa pili: ngome a2, askofu wako b2, mfalme wako f2. Hakuna kitu katikati. Askofu uliyembania mwenzako amebanwa yeye, haruhusiwi kuila ngome ya c3 wala kuondoka pale.

Nahodha77

Duh.